Kesho Ni Sikukuu ya Nani?



Nakuandikia nikiwa nyumbani, chini ya Mlima Meru. Mvua imenyesha usiku kucha na asubuhi hii mlima umejifunika mawingu kiasi kwamba mgeni angeweza kuapa hakuna mlima hapa. Tuko kwenye Majilio, na Desemba 9 ndiyo hiyo inakuja. Najua kwenye magrupu yenu tayari mnapanga: nani analeta mkaa, nani anajua bucha yenye mbuzi mzuri, tukutane kwa nani. Sina neno na mbuzi. Mimi mwenyewe nikialikwa nafika mapema. Ila nina jambo linanikera tangu mwaka jana, na naona ni afadhali niliseme kabla sherehe haijaanza.

Mwaka jana tulifunga seminari mapema kidogo, nikapitia kwa kaka yangu mkubwa, pale Arusha mjini, kukaa siku chache kabla ya kupanda nyumbani. Tarehe 8 jioni nilitoka Misa ya sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. (Kwa wasiojua: huyo ndiye msimamizi wa nchi yetu. Na ni msimamizi wa Marekani pia, maaskofu wao walimchagua mwaka 1846 walipokutana Baltimore. Kwa hiyo sisi na Wamarekani tuna Mama mmoja hata kwa karatasi.) Nafika nyumbani, namkuta dada wa kazi uani anachambua mchele, sinia kubwa, lile la sherehe. Akaniuliza bila kuinua macho:

"Eti Frateri, kesho ni sikukuu ya nani?"

Jamani, mtu mwenye digrii ya falsafa akiulizwa swali hujibu. Nikasimama pale na viatu vyangu vya Misa, nikamweleza. Kwamba mwaka 1961, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, bendera ya Mwingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Kwamba Luteni Alexander Nyirenda alipeleka Mwenge juu ya Kilimanjaro, ule mlima tunaouona kutoka huku kwetu kukiwa kweupe. Nikaenda mpaka kwa Mwalimu, mpaka Azimio la Arusha la 1967, nikamwonyesha kwa kidole upande lilipo jumba la makumbusho ya Azimio pale Kaloleni. Akasikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akasema, "Nashukuru Frateri. Nimeuliza tu kwa sababu mama amesema wageni ni kumi na wawili."

Nikacheka, nikaingia ndani. Sikuelewa kabisa alichoniuliza.

Sasa nirudi nyuma wiki mbili. Mwisho wa Novemba, familia moja ya Kimarekani inayoishi upande wa Usa River, watu wa kujitolea, ilitualika mafrateri watatu kwenye chakula chao cha Siku ya Shukrani. Kwao ni sikukuu ya taifa, Alhamisi ya nne ya Novemba. Kwa desturi lazima awepo bata mzinga, lakini bata mzinga Arusha si kuku wa kumkamata sokoni Tengeru siku ya Jumatano, kwa hiyo tulikula jogoo wawili. Viazi vya kuponda vilikuwa na mabonge. Baba mwenye nyumba ndiye aliyepika, na alipika vibaya, kwa sababu yule mama anayewapikia kila siku walimpa mapumziko siku hiyo, na mshahara wake ukaendelea kuhesabiwa. Kabla ya kula kila mtu akataja jambo moja analomshukuru Mungu. Mtoto wao mdogo alimshukuru Mungu kwa ajili ya mbwa.

Nilivutiwa, nikaenda kusoma. Nikagundua kuwa hiyo sikukuu haina historia nyepesi kama ule mlo. Wenyewe huikumbuka karamu ya mavuno ya mwaka 1621 huko Plymouth, ambapo wahamiaji kutoka Uingereza walikula pamoja na wenyeji wa pale, watu wa kabila la Wampanoag. Wageni walikuwa wamenusurika kwa sababu wenyeji waliwafundisha kupanda mahindi. Halafu muda haukupita mrefu, wenyeji hao wakanyang'anywa ardhi. Ndiyo maana tangu 1970, siku hiyohiyo, wapo wajukuu wa wale wenyeji wanaokusanyika palepale Plymouth, nao huiita siku ya maombolezo. Meza moja, tarehe moja. Huyu anashukuru na huyu analia.

Na aliyeifanya siku hiyo kuwa ya nchi nzima ni Rais Lincoln, mwaka 1863, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa imepamba moto. Mama mmoja mwandishi, Sarah Josepha Hale, alikuwa ameandika barua miaka na miaka akiomba iwepo. Hebu fikiria: nchi inazika vijana wake, rais anasema tushukuru. Mimi naona hapo kuna imani, maana kushukuru wakati gunia limejaa hata asiyesali anaweza. Kesho yake sasa, Ijumaa, ndiyo ile siku ya maduka kupunguza bei, ambayo imeshatufikia hata sisi kwenye simu zetu. Kuna miaka maduka ya huko yalifunguliwa jioni ileile ya Shukrani, na muuza duka akaacha sahani yake akaenda kuwafungulia wengine mlango.

Lakini kilichonikamata zaidi ni sikukuu zao mbili nyingine. Julai 4 wanakumbuka uhuru wao wa 1776. Mwaka 1852 walimwalika Frederick Douglass, mtu aliyezaliwa mtumwa na kutoroka, ahutubie mjini Rochester kwa ajili ya sikukuu hiyo. Alihutubia tarehe 5. Aliwasifu wazee wao walioleta uhuru, kisha akawauliza mtumwa anaihesabuje hiyo Julai 4 yao. Ya pili ni Juni 19. Lincoln alitangaza watumwa wa majimbo yaliyoasi kuwa huru kuanzia Januari 1, 1863. Kule Galveston, Texas, tangazo hilo lilisomwa na jeshi Juni 19, 1865. Miaka miwili na nusu! Mtu ni huru kwenye karatasi, na bado anaamshwa alfajiri kulima shamba la bwana, kwa sababu jeshi la kulisimamia tangazo lilikuwa halijafika, na wenye mashamba hawakuona faida. Siku hiyo imekuwa sikukuu ya taifa juzijuzi tu, 2021.

Usiwacheke. Kwetu soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, na wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, wakiwakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Lakini utumwa wenyewe kufutwa kisheria Tanganyika ni mwaka 1922. Bibi zetu wanawakumbuka watu waliozaliwa kabla ya hapo.

Na sisi wa Meru tuna la kwetu, ambalo vijana wengi hapa wanalipita tu kwenye daladala. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, upande ule wa kaskazini mwa mlima, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wachache wa Kizungu. Wazee wakachanga pesa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru, akasafiri mpaka New York, akasimama Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Mwalimu Nyerere alifika huko 1955. Hawakushinda siku ile, lakini kelele zile za Engare Nanyuki zilisikika nchi nzima, na uhuru tunaouchomea nyama una majivu ya zile nyumba ndani yake. Mimi hili nilisimuliwa na mzee wa jumuiya yetu ndogo ndogo, shuleni nililisoma kwa kupita.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani siku ya Uhuru kwa kaka. Na nilikuwa na hamu ya kuyasema. Wageni wakaja, kumi na wawili kweli, watoto sijawahesabu. Nikaombwa kubariki chakula. Nilisali vizuri, tena bila karatasi. Nilishukuru kwa ajili ya taifa, amani, waasisi wetu, na nikamalizia kwa kumwomba Mungu aibariki mikono iliyokiandaa chakula hiki. Watu wakasema Amina. Mezani nikaanza mada zangu. Nikawapa Douglass. Nikawapa Galveston. Mzee mmoja akasema, "Huyu akipata upadre, Misa zitakuwa ndefu lakini tamu." Nikajisikia.

Dada alikuwa akiingia na kutoka. Maji ya kunawa. Pilipili. Soda ya baridi, hapana, ile isiyo ya baridi. Mtoto amemwaga. Nyama imeisha kwenye sahani hii.

Saa nne usiku wageni wameondoka, nikaenda jikoni kutafuta maji ya moto ya chai. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, anakwangua ukoko wa pilau kwenye sufuria. Nyama hakuna. Vyombo vimejaa mpaka sakafuni. Nikamwambia, "Dada, hujala tangu mchana?" Akasema, "Nakula, Frateri." Akatabasamu. Kisha, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, akaniambia kuwa tangu Oktoba ameomba ruhusa ya kwenda kwao Singida Krismasi. Hajamwona mama yake mwaka wa pili. Ameambiwa tuone kwanza, maana Krismasi wageni huwa wengi.

Pale ndipo swali lake la jana yake lilipofika masikioni mwangu. Lilikuwa limesafiri saa ishirini na nne, kutoka uani mpaka jikoni. Mikono iliyokiandaa nilikuwa nimeiombea baraka mbele ya watu kumi na wawili, na haikunijia hata kidogo kuiuliza kama imekula.

Usiku ule sikulala mapema. Nikafungua Biblia kwenye Amri ya Sabato. Unajua imeandikwa mara mbili? Kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 20, tunaambiwa tupumzike kwa sababu Mungu alipumzika alipomaliza kuumba. Lakini kwenye Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, mstari wa 14 na 15, sababu inabadilika. Pale Musa anawaambia watu wapumzike ili mtumishi wao wa kiume na wa kike naye apate kupumzika sawasawa na wao, na wakumbuke kuwa walikuwa watumwa Misri. Nimeisoma amri hiyo tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Kila mara nilidhani inanihusu mimi na uchovu wangu. Kumbe inaanza na mtu mwingine! Na ukienda sura ya 16, kuhusu sikukuu, Mungu anataja majina ya watakaofurahi: wewe, mwanao, binti yako, mtumishi wako, mgeni, yatima, mjane. Ni orodha ya waalikwa, na aliyeiandika si mwenye nyumba.

Aristotle, ambaye nimemlipia miaka mitatu ya usingizi, anafundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate faragha ya kuishi vizuri. Safi sana. Ila faragha ya raia wa Athene ilibebwa na mtumwa, na Mzee hakuona tatizo. Musa aliliona. Labda kwa sababu watu wake walishawahi kubeba matofali.

Basi niseme ukweli kuhusu kilichofuata, maana hapa ndipo ningependa nidanganye. Niliogopa. Kaka ndiye anayeninunulia viatu, nauli, hata kompyuta ninayoandikia hii. Nilikaa siku mbili nikijiambia kwamba si nyumba yangu, kwamba frateri hatakiwi kuingilia ndoa za watu, kwamba nitasali Rozari kwa nia hiyo. Nilisali kweli, lakini ndugu yangu, ipo Rozari ambayo mtu anaisali ili asifungue mdomo.

Siku ya tatu nikamwambia kaka tukiwa kwenye gari, tunatoka Kilombero sokoni. Nilianza na sheria, nikidhani ni rahisi kuliko Biblia: kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili, na kwamba kila wiki mfanyakazi apate saa 24 za kupumzika. Akaniangalia. "Frateri, umekuja kuhubiri kwangu?" Nikamwambia hapana kaka, naomba tu dada aende kwao. Akanyamaza mpaka nyumbani.

Shemeji ndiye aliyenijibu, na alinijibu vizuri kuliko nilivyostahili. Aliniambia, "Shem, mimi natoka hapa saa kumi na moja alfajiri kwenda dukani, narudi saa mbili usiku. Dada akiondoka, nani anabaki na hawa watoto? Wewe unaongea mapumziko, mimi sijapumzika tangu nimeolewa. Hayo mapumziko anayatoa nani?" Sikuwa na jibu kwenye vitabu. Ni kweli, mapumziko hayaanguki kama mvua. Ukimpa mtu mmoja, lazima mwingine ashike ufagio. Na katika nyumba ile walikuwepo wanaume wawili wazima na wavulana wawili ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu kwenye hesabu ya ufagio.

Nikasema nitabaki. Badala ya kwenda nyumbani kwa Mama tarehe 15, nikabaki mpaka baada ya Mwaka Mpya. Mama hakufurahi, aliniambia nimekwenda kuwa mpishi wa mjini. Dada aliondoka tarehe 23 alfajiri, basi la kupitia Babati. Nilimsindikiza stendi na begi lake moja. Kaka alikuwa bado haongei nami sawasawa.

Kupika kwa watu sita si falsafa. Siku tatu za kwanza niliwapa makande, kwa sababu makande yanajipika. Wavulana wakagoma. Mkubwa wao, wa miaka kumi na moja, akasema dada huwa anageuza mboga, nikamwambia vizuri, wewe leo utaosha hiyo mboga. Ilimchukua saa nzima na ilikuwa bado na mchanga. Siku ya Krismasi, baada ya Misa ya asubuhi, kaka alikuja jikoni, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Nikadhani anataka kunisema. Akauliza chumvi inakaa wapi. Kwenye nyumba yake! Hakujua.

Kijana, nakuandikia wewe wa VIWAWA hasa. Hebu tamka jina lako lote: Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Padre Joseph Cardijn kule Ubelgiji alianza na vijana wa viwandani, wasichana na wavulana waliokuwa wanaondoka nyumbani alfajiri na kurudi giza, akawafundisha kutazama, kuamua na kutenda. Sasa tazama. Kwenye kikundi chetu cha parokia tupo wanafunzi, tupo wa maofisini, wapo wa bodaboda wawili watatu. Dada wa kazi yuko mmoja? Anakaa nyumba moja na wewe, analala chumba cha karibu na jiko, Dominika anabaki kulinda nyumba ili ninyi muende Misa ya pili. Ni mfanyakazi kuliko wewe na mimi, na ni kijana, ana miaka kumi na tisa. Nani alimpa fomu?

Na tusisubiri serikali. Serikali yenyewe imeshajaribu kuigeuza siku hii. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride, tukafagia mitaro. Mwaka 2022 Rais Samia aliahirisha sherehe, shilingi milioni 960 zikaelekezwa kwenye mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Hakuna rais anayeweza kuagiza nani akae mezani kwako. Hilo liko kwenye uwezo wako, hata kama nyumba ni ya baba na wewe ni mtoto tu. Unaweza kusimama ukachukua sinia. Unaweza kuuliza mchana, saa saba, na si saa nne usiku, kama aliyepika amekula. Anza na hilo dogo. Mimi lilinishinda.

Sijui mwaka huu kwa kaka itakuwaje. Amenialika tena, tarehe 9, na ameniambia kwa simu, "Njoo ila usije na Wamarekani wako." Nadhani alikuwa anatania.

Dada alirudi Januari 2, jioni, amenenepa kidogo. Alishuka na boksi lililotobolewa matundu, ndani yake kuku wa kienyeji wawili kutoka kwa mama yake, kuku wa Singida wenyewe. Mmoja wa kaka na shemeji. Mwingine, alisema, mama kasema ni wa yule Frateri aliyebaki anaosha vyombo. Nilimchinja siku ileile, nikampika mimi, na kwa mara ya kwanza chumvi ilikaa sawa. Shemeji akavuta kiti, akamwambia dada akae. Alikaa kwenye ukingo kabisa, miguu imeelekea mlangoni, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mtoto mdogo akaita anataka maji. Dada akanyanyuka nusu. Kaka akasema, "Kaa," akaenda kuyaleta.